Mistari Mitupu Niliyoikata

Mutsamudu, baada ya alasiri

Echati mwanangu,

Salaam aleikum, na salaam nyingine juu yake, na ya tatu inatoka kwa paka wa jikoni, ambaye tangu asubuhi amelala juu ya begi lako kama mtu wa forodha. Nimeanza na salaam nyingi makusudi. Mtu niliyekula mshahara kwa kukata salaam za watu, leo sithubutu kukata hata moja, na ukivumilia kusoma utajua kwa nini.

Nakuandikia kwa Kiswahili, lugha aliyonilea nayo bibi yako wa Unguja, kwa sababu mbili. Kwanza, uendako ni Dar es Salaam, na nataka uone kwamba Kiswahili cha baba yako si kibovu kama unavyowasimulia wenzako. Pili, wale watakaolipekua begi lako kesho pale uwanja wa ndege wa Ouani wanasoma Kifaransa. Wakiikuta hii watadhani ni dua ya safari, watairudisha ilipokuwa.

Mambo ya kula, kuvaa na kufunga mlango sitayagusa. Mama yako anayasema sasa hivi huko uani, na akimaliza anaanza upya, huku mkate wa sinia ukimwungulia. Mimi nina jambo moja tu, na wewe unalijua. Mjomba wako Saandi hajasema neno. Chuo kimekukubali, tiketi unayo, lakini binti wa nyumba hii hatoki mpaka mjomba wake amtoe kwa kauli yake mwenyewe. Mama yako amenena wazi: kaka yangu asiposema, begi linarudi juu ya kabati. Kila mtu aliyeshuka chumbani kwake kumwomba amerudi na sahani tupu na hana jibu. Sasa imebaki zamu yangu, na kwa haki mimi ndiye wa mwisho ambaye angepaswa kutumwa.

Kabla sijashuka nataka nikueleze yaliyotokea, maana wewe ulikuwa Moroni kwa shangazi yako, unasoma sekondari, lise, na uliyoyasikia uliyasikia vipande vipande.

Nilianza kazi nikiwa kijana, huko huko Moroni, kwenye dirisha la telegramu. Mtu alilipia kila neno, na watu wa Moroni unawajua, ni ndugu zako: hawawezi kuuliza njia ya kwenda sokoni bila kwanza kukuulizia baba, mama na mbuzi. Mzee anakuja kumwarifu mwanawe aliyeko Majunga kwamba dada yake ameolewa, na kabla hajafika kwenye ndoa ameshasalimia mtaa mzima. Mimi nilikuwa na kalamu nyekundu. Nakata hapa, nakata pale, namrudishia karatasi imekuwa nyepesi, na mzee anashukuru. Niliipenda sana kazi ile. Niliamini kabisa kwamba ndani ya maneno mengi ya mtu kuna machache ya kweli, na mengine yote ni maganda.

Nilipotaka kumwoa mama yako niliwaandikia watu wake telegramu, nikaikata mwenyewe. Nilikata salaam kwa koko wako, mama wa mama yako. Nikakata kuwaulizia wazee. Nikakata Inshallah. Kilichofika hapa Mutsamudu kilikuwa jina langu na siku nitakayoshuka. Koko aliisoma, akaikunja, akauliza huyu Mngazidja wa Moroni anakuja kuoa au anakuja kukamata mtu. Tangu hapo mpaka anaingia kaburini, Mungu amrehemu, jina langu kwake lilikuwa Bwana Bila-Salaam, na nyumba nzima ikalipokea. Hata wewe ulipoanza kusema uliniita hivyo, mama yako akacheka mpaka akakaa sakafuni.

Aliyeniokoa ni mjomba wako. Posa ilikuwa karibu kukataliwa. Akawaambia msimhukumu, hiyo ni kazi yake inayosema, moyo wake bado hamjausikia. Kwa kuwa yeye ndiye kaka, maneno yakaishia hapo. Nyumba hii ni ya mama yako na kesho ni yako, mimi humu ni mgeni mwenye ndala zake mlangoni, na aliyenikaribisha ni Saandi. Lakini naye jina la Bwana Bila-Salaam hakuliacha. Alikuwa akiniita hivyo kila asubuhi, kutoka ng'ambo ya kichochoro, watu wote wakisikia.

Baadaye nikahamishiwa hapa, chumba cha teleksi. Wakati huo wale wazungu walioingia kwa bahari mwaka wa sabini na nane walikuwa wameshazoea, wamevaa nguo zao nyeusi, na neno mamluki hatukulitamka hata ndani ya chandarua. Walikuwa na mkono katika kila kitu, bandarini pia. Mjomba wako naye alikuwa bandarini, mtunza ghala wa ofisi moja ya mizigo, na wa kwanza hapa kupewa kompyuta. Unakumbuka alivyokuwa akiipenda? Aliifunika kwa shiromani, ile nguo ya kujitanda, ya marehemu koko, tukamtania kwamba ameoa mke wa pili. Ndani ya mashine ile alikuwa na ramani ya ghala lake. Kila nafasi ya ghalani ilikuwa na nafasi yake ndani ya faili. Palipo na mzigo pana alama ya mwenyewe, palipo patupu pana sifuri tupu.

Msimu wa mvua diski ikaota ukungu. Nakala ilikuwepo Moroni, lakini wiki ile wageni wetu wenye nguo nyeusi walikuwa wameufunga uwanja wa Ouani kwa sababu zao, na bahari ilikuwa haipitiki. Meli imeshashusha, wenye mizigo wamejaa getini wanamtukana Saandi. Wenzake wa Moroni wakasema, tutakupitishia faili kwa teleksi. Mimi nilicheka. Nilijua teleksi ni ya maneno.

Utanisamehe nikikueleza wewe kitu unachokijua kunishinda, lakini nataka uone mimi nilivyokielewa. Faili kama lile si maandishi, ni namba zilizobanana, na baadhi yake ukizipitisha kwenye teleksi mashine inadhani umeiamuru: inapiga kengele, inaruka mstari, inavuruga kila kitu. Teleksi ni kama baba yako, inajua herufi kubwa, tarakimu na alama chache, basi. Kwa hiyo walichofanya ni kuipasua kila namba vipande viwili na kukivisha kila kipande herufi, kuanzia A hadi P. Sifuri ilivishwa A. Mwisho wa kila mstari wakatia herufi moja ya ushahidi, inayopatikana kwa kujumlisha zilizotangulia, ili mtu akikosea kuuandika mstari ule mashine imkatalie. Huku kwetu Saandi angeziandika herufi zote kwa mkono, kisha programu ndogo ingezivua nguo zirudi kuwa namba. Ndivyo faili lilivyovuka bahari, limevaa maandishi kama msafiri aliyeazima kanzu.

Likaja karatasi refu, herufi zisizosomeka, na wino wa mashine ulikuwa umefifia. Nikasema nitampigia Saandi nakala safi. Naandika, naandika, nikafika mahali mstari mzima ni A. Wa pili, A tupu. Wa tatu na wa nne vilevile, na hata ile herufi ya ushahidi ni A. Sasa, mashine yetu ilikuwa na ugonjwa: mvua ikinyesha iling'ang'ania herufi moja na kuipiga mpaka mwisho wa mstari. Mistari ya namna ile nilikuwa nimeshaikata mara nyingi kwenye teleksi za wafanyabiashara, na hakuna aliyewahi kulalamika. Tena nje ilikuwa inanyesha.

Nilimfikiria Saandi, macho yake mekundu, vidole vimechoka, aje kuandika upuuzi wa mashine mbovu. Nikamwonea huruma. Nikaikata yote. Kuwauliza Moroni kulikuwa jambo dogo sana, laini ilikuwa wazi na mtu alikuwa upande wa pili. Sikuuliza. Nilidhani mtu anayeijua kazi yake haulizi. Nakumbuka nilimpelekea karatasi zile kwa miguu, kwenye mvua, nimezifunga kwenye nailoni, na njia nzima nilikuwa nikijipongeza.

Saandi akaandika. Kila mstari ukakubalika, maana kila mstari ulikuwa na shahidi wake. Mistari ambayo haikuwepo haikuwa na mtu wa kuisemea. Na lile faili, Echati, likafunguka likafanya kazi. Lingekataa, tungecheka tukaanza upya. Lilifunguka vizuri kabisa, ila nafasi tupu zilikuwa zimeondoka, na kila kilichokuwa nyuma yake kilikuwa kimesogea mbele kujaza. Mashine ikimwonyesha mtu mahali pa mzigo wake, inamwonyesha pa mwenzake.

Kwa mizigo mingi haikuwa taabu. Magunia yana majina, mapipa yana rangi, wapakuzi wakaona kwa macho na kurekebisha, wakimtania Saandi kwamba yule mke wake wa pili ameanza kusema uongo. Lakini wale wageni walikuwa na makasha mle ndani, hayana neno lolote juu yake. Wao wenyewe walitaka hivyo. Yalijulikana kwa mahali yalipowekwa tu. Akaja mfanyabiashara mmoja wa Patsy kuchukua makasha yake ya masahani. Mashine ikasema nafasi fulani. Wakampakilia.

Alipofungua huko juu Patsy hakuona masahani. Alichokiona hakumwambia hata mkewe. Alikuwa mtu mwaminifu, akafunika, akapakia tena, akateremka nayo mwenyewe mpaka getini, mchana, mbele ya watu. Angekuwa mwizi, huenda mkono wa kulia wa mjomba wako ungekuwa bado mzima.

Wale wageni wakamfuata Saandi kazini. Shiromani ya koko ilikutwa sakafuni, ina alama ya kiatu. Wakasema ameuza vitu vyao kwa watu wanaotaka kupindua, na ameiharibu ramani ili kuficha.

Nilikwenda kwao siku ile ile. Nakusihi uliamini hili, maana najua mtaani wanasema kwamba nilijificha. Nilikwenda na ile karatasi ya asili, yenye mistari ya A, nikaomba kuonana na mkubwa wao. Alikuwa mtu mpole, alinipa kiti. Nilimwambia kwa Kifaransa changu cha dirishani kwamba Saandi hakuharibu kitu, mharibifu ni mimi, nilikata mistari hii hapa. Akaichukua karatasi, akaisogeza dirishani kwenye mwanga, akataka kujua A maana yake nini. Nikamwambia kwamba kwenye faili lile A ni hakuna kitu, ni mahali patupu.

Akacheka, bila ubaya wowote.

"Basi hukukata kitu," akasema. "Nenda nyumbani."

Nikajaribu tena. Nikamchorea ghala. Nikamchorea makasha yakisogea. Kadiri nilivyoeleza ndivyo alivyozidi kuniona ni shemeji mwema anayejitwisha mzigo usio wake, na alipochoka akanisindikiza mlangoni, ameniwekea mkono begani. Mwanangu, nimewahi kutukanwa maishani, na koko wako alikuwa fundi wa kutukana. Sijawahi kuumia kama kwa ule mkono wa begani.

Saandi akapelekwa Moroni. Nilimfuata. Nilikuwa nikienda pale kwenye ukuta wa gereza na chakula kwenye bakuli la mfuniko, wanalipokea, jioni wanalirudisha limeoshwa. Sikujua nani aliyekuwa akila. Wewe ulikuwa kwa shangazi yako, mwendo mfupi tu kutoka pale, nami nilikuambia nimekuja kwa semina. Uliniomba kalamu za rangi.

Alirudi langilangi zilipokuwa zimechanua, mkono wa kulia haushiki kalamu, na maneno yake yamepungua. Akachukua chumba cha chini kwa kuwa ngazi zinamchosha. Hakunilaumu hata siku moja. Nilimweleza yote, akasema amesikia. Lakini tangu aliporudi hajaniita Bwana Bila-Salaam. Ananiita kwa jina langu kamili na la baba yangu, kama karani wa mahakama, na kila akiniita hivyo natamani anipige.

Mama yako naye hajanilaumu. Sahani ya kaka yake inapakuliwa kwanza, yangu mwisho, na samaki wangu hana kichwa. Nimeshazoea samaki asiye na kichwa.

Sasa wewe unakwenda kuzisomea mashine zile zile. Uliponiletea lile gazeti la kompyuta likizo iliyopita, ukanionyesha kwamba huko kwa wakubwa nao wanayavisha mafaili herufi ili yapite kwenye njia za maandishi, na kwamba awali sifuri waliivisha nafasi tupu, na mitambo ya njiani, kwa tabia ya usafi, ikawa inazifuta nafasi za mwishoni mwa mstari, mafaili yanafika yameharibika, mpaka wakaamua sifuri ivae alama inayoonekana, ulitaka kunifariji. Ulisema, unaona baba, hauko peke yako. Nilicheka nawe. Ulipotoka niliusoma ukurasa ule tena na tena mpaka nikaukariri. Wao walipata njia ya kubadilisha alama. Mimi nilikuwa na Saandi tu, na huyo hakuna alama ya kumwekea.

Sitakupa wasia juu ya hili. Nakuambia tu kwamba sikufanya kosa lile kwa uvivu wala kwa chuki. Nililifanya kwa ufundi wangu ninaousifia, na kwa kumpenda mtu. Hayo mawili unayo, yote mawili umeyarithi kwangu, na ndiyo yaliyonitia hofu jana nilipokutazama ukifunga begi haraka haraka, ukitoa hiki, ukisema cha nini hiki.

Nashuka sasa. Nikirudi nitamalizia.

*

Nimerudi. Mwandiko umebadilika, usishangae.

Nilimkuta amekaa kitandani anautazama ukuta. Nikakaa kwenye kigoda cha mlangoni. Nikamwambia kwamba Echati yuko tayari, amebaki kumngoja yeye. Hakujibu. Zamani ningesema mtu hana la kusema, ningeinuka kistaarabu na kwenda kuwaambia walio juu kwamba hakuna kitu. Nadhani ndivyo walivyofanya wote waliotangulia. Mimi nikakaa. Adhana ya magharibi ikatukuta pale. Akanitangulia kusali, nikawa nyuma yake, kisha tukarudi kila mtu mahali pake, na mimi sikusogea. Miguu ilikufa ganzi.

Ndipo akauliza kama unakwenda kujifunza mashine zile zile. Nikamwambia ndizo.

Akauinua mkono wa kulia kwa ule wa kushoto, akaulaza mapajani.

"Aende," akasema.

Niliruka kama mtu aliyekalia kaa la moto, nikawa naelekea kwenye ngazi. Akanishika kanzu kwa mkono wa kushoto.

"Sijamaliza. Aende, na asirudi. Hapa ukikijua kitu wanakufunga nacho, na usipokijua wanakufunga vilevile. Nyumba itakaa na popo. Asirudi."

Nikasema nimesikia. Hakuiachia kanzu. Akanitazama usoni, jambo ambalo hajalifanya tangu aliporudi.

"Mfikishie yote," akasema. "Nakujua, Bwana Bila-Salaam."

Nilisimama kwenye ngazi, gizani, nikafuta uso kwa kanzu. Halafu nikapanda juu. Mama yako alikuwa ameshika mwiko, ananitazama tu. Nikamwambia, amesema aende.

Kigelegele chake bila shaka umekisikia huko ulipo. Majirani wamekuja. Sasa hivi anawaeleza chumba atakachokutengenezea ukirudi, kile cha mbele chenye baraza, na rangi atakayokipaka, na nani ataitwa kwenye harusi. Nimemkatia. Sikuweza kumpa lile neno la pili, na sijui kama nitaweza. Kwa hiyo bado mimi ni mtu yule yule, usije ukadhani nimepona.

Ila wewe nimekupa yote, kama yalivyotoka kinywani mwake. Utakavyoyafanya ni juu yako. Mimi ningependa urudi. Hilo ni langu, yeye hakulisema, usilichanganye na la kwake.

Mama yako anakusalimu, ingawa utalala naye chumba kimoja leo. Shangazi yako atakusalimu mwenyewe Moroni. Majirani wa kulia na wa kushoto wanakusalimu. Muuza mkaa anakusalimu na anasema asiyerudisha kikapu chake ni wewe. Paka anakusalimu. Mimi nakusalimu, na nakusalimu tena.

Mjomba wako hakutuma salaam. Sikumwongezea, na sikuruka zamu yake. Nimeacha mahali pake hapa chini.

 

Baba yako,
Bwana Bila-Salaam